Haleluya Haitafsiriwi

Mtu akikwambia ukalimani ni kazi ya mdomo, mwambie aje asimame mahali pa Ariokot saa tatu mfululizo, mwezi wa tatu, mvua haijanyesha na dalili yake haionekani. Ukalimani ni kazi ya miguu. Miguu ndiyo inayouma kwanza, kisha kiuno. Mdomo huchoka mwisho, na ubaya wake ni kwamba ukichoka hausemi kuwa umechoka. Unaanza tu kuacha maneno.

Ariokot alikuwa na miaka hamsini na sita, na ishirini na mitatu kati ya hiyo alikuwa ameimaliza akisema yaliyosemwa na wengine. Kanisani alisimama kando ya wahubiri waliovuka mpaka kutoka Kenya, akakigeuza Kiswahili chao kuwa Kiteso. Zahanati ilimwita, mahakama ilimwita, hata matanga yalimwita. Mhubiri alilia, naye akalia. Shahidi alidanganya, naye akadanganya vilevile, maana ndiyo kazi. Jioni akirudi kwenye chumba chake cha kupanga mjini Busia, upande wa Uganda, hakuwa amebakiza neno hata moja la kwake. Majirani wakimsalimu aliitikia kwa kichwa, nao wakasema mama huyu anaringa. Haringi. Amechoka, basi.

Siku hiyo alikuwa ameketi mbele kwenye pikapu ya kituo cha utafiti wa mazao, viatu amevivua, wakielekea Kwapa. Aliyeendesha ni Daktari Maximilla, Msamia wa upande wa Kenya, mtaalamu wa mimea. Kiswahili chake kilinyooka, lakini katika Kiteso hakujua zaidi ya yoga na eyalama, yaani salamu na asante.

"Leo sitaki kuwaambia tu huu muhogo mzuri, huu mbaya," alisema daktari. "Wametupa shamba mwaka mzima. Nataka waelewe kwa nini. Nataka waielewe ile sehemu isiyotafsiriwa."

"Sehemu gani?"

"Kwenye ujumbe wa jeni. Kuna kipande cha mwanzo na kipande cha mwisho ambavyo mmea hauvitafsiri. Ndivyo tunavyoviita: sehemu zisizotafsiriwa."

"Daktari wangu," alisema Ariokot, "hiyo sehemu mimi naijua. Ni pale mkalimani alipochoka."

Wakacheka wote wawili. Lakini kicheko cha Ariokot kilikatika kabla ya cha mwenzake, kwa sababu alikumbuka jambo alilokuwa amelikalia mwaka mzima.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mwezi wa nne mwaka uliopita, siku ya kupanda, walikuwa wamemaliza mkutano chini ya kibanda cha mabati nyumbani kwa Odeke, mkulima wa Kwapa. Ulikuwa mkutano wa tatu kwa siku ile moja. Watu walikwisha kutia vidole gumba kwenye karatasi ya makubaliano, mvua ikashuka, mabati yakapiga kelele, na kila mtu akashika njia yake. Hapo ndipo daktari alipokumbuka neno la mwisho. Alimwinamia Ariokot sikioni: waambie safu ya utepe mwekundu ni ya kulinganishia tu, wasiile ikiwa mbichi wala ya kuchemsha, kwani jua likiwa kali uchungu wake unapanda, na ule uchungu ni sumu, waloweke siku tatu, waanike, wasage. Ariokot aliitazama migongo ya watu ikikimbia mvuani. Miguu ilikuwa imevimba. Daktari alipouliza, "Umewaambia?" alijibu, "Nimewaambia."

Angewaambia Jumapili kanisani. Jumapili ile alikuwa na homa. Jumapili iliyofuata alisahau. Baadaye alikumbuka, akaona aibu kulisema jambo lililochelewa, akajipa moyo kwamba Waiteso si wageni wa muhogo mchungu. Tangu lini watu wa Kwapa wakafundishwa kuloweka? Hivyo ndivyo mtu anavyojidanganya akiwa na usingizi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Walifika saa nne. Nyumbani kwa Odeke kila kitu kilikuwa kimekauka isipokuwa mihogo. Safu zilisimama nyuma ya boma na tepe zao shinani, nyeupe, buluu na nyekundu, na za utepe mwekundu ndizo zilizonawiri kupita zote. Acom, mke wa Odeke, alikuja mbio akijifuta mikono.

"Yoga noi, toto!"

"Yoga."

"Watoto wazima?"

"Wazima. Na ninyi? Tata je?"

Toto kwa Kiteso ni mama, na tata ni nyanya. Mama yake Odeke wote walimwita hivyo, wajukuu na wasio wajukuu.

"Tata yupo. Miguu ndiyo haijarudi vizuri."

Ariokot alitaka kuuliza miguu ilikuwa imekwenda wapi, lakini jicho lake lilikwisha kutua kwenye nyumba ndogo ya pembeni. Mlango ulikuwa na kufuli, na majani makavu yamekwisha kurundikana kizingitini. Ndiyo nyumba ya Nyafwono, binti wa kijiji cha Sop Sop, mjane wa Edimu. Edimu alikuwa mdogo wake Odeke. Nyafwono alikaa naye mwaka mmoja tu wa ndoa, mume akafukiwa na shimo la dhahabu kule Tiira.

"Nyafwono yuko wapi?"

Acom alishusha sauti. "Alirudi kwao. Yalitokea maneno. Alimtilia Tata kitu kwenye chakula, toto. Tulikaribia kumzika."

"Alikiri?"

"Angekiri nini? Alipiga kelele kwa Dhopadhola, lugha ya kwao, analia, anaongea, anaongea. Nani angemwelewa? Kiteso chote alichokuwa anakijua kilimtoka siku ile."

Mkalimani mzuri angeuliza, chakula gani? Ariokot alishusha pumzi, akasema pole, akaenda kutafuta kiti. Alikuwa na saa tatu za kusimama mbele yake.

Watu walikusanyika kama arobaini hivi. Tata aliletwa akishikwa huku na huku, akawekwa kwenye mkeka karibu na mbele. Daktari Maximilla alibandika karatasi kubwa kwenye nguzo, akaanza kusema kwa Kiswahili, kidogo kidogo, akingojea Ariokot amalize kila kipande.

Ilikwenda vizuri mwanzoni. Alisema kila mmea una maandiko yake ndani, kama sanduku la vitabu lisilofunguliwa ovyo. Mmea ukitaka kupika kitu, kwa mfano ule uchungu wa muhogo unaofukuza wadudu, hautoi kitabu nje. Unanakili ukurasa mmoja, na nakala ile ndiyo ujumbe. Ujumbe unapelekwa jikoni. Wapishi wanausoma, wanautafsiri, chakula kinatoka. Watu waliitikia kwa vichwa. Upishi waliujua.

"Sasa ajabu ni hii," alisema daktari, macho yakimng'aa. "Ukiichukua mihogo hii ya utepe mweupe na ile ya utepe mwekundu, ujumbe wa uchungu ni uleule, herufi kwa herufi. Ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti iko pale mwanzo, kabla ujumbe haujaanza. Pale kuna sehemu isiyotafsiriwa, kama ilivyo nyingine pale mwisho."

Kabla Ariokot hajafungua kinywa, Odeke alikwisha kusimama. Hili ndilo balaa la kuwakalimania watu wa mpakani: lugha ya mgeni wanaisikia nusu, na nusu ile ndiyo inayowaka moto. Odeke alikuwa mzee wa kanisa, mkaidi, mtu wa haki yake. Aliacha Kiteso akamkabili daktari moja kwa moja.

"Daktari, ngoja. Sisi hapa Kiswahili nasikia. Kidogo, lakini nasikia. Wewe nasema iko sehemu hapana tafsiriwa. Mimi nauliza: nani nakataza kutafsiri?"

"Hapana, mzee, hakuna aliyekataza. Ndivyo ilivyo tu. Haitafsiriwi kamwe. Lakini hiyo ndiyo inayoamua mambo yote!"

Lo! Angejua, angenyamaza.

"Mmesikia?" Odeke aliwageukia watu kwa Kiteso. "Hiyo tusiyotafsiriwa ndiyo inayoamua mambo yote! Tulitia vidole hapa. Vidole vyetu! Na huyu dada yetu, wa damu yetu, akasimama hapa akatusomea akaruka mahali!"

Zogo likawaka. Mmoja alisema alijua tangu mwanzo, karatasi ilikuwa ndefu na maneno ya Ariokot yalikuwa mafupi. Mwingine alisema mihogo ing'olewe leo leo. Walimtazama Ariokot, watu aliowalilia misibani kwa lugha mbili, nao walimtazama kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

Walikuwa wamekosea kabisa, na walikuwa wamesema kweli tupu. Lisemwalo lipo.

"Wanasema nini?" aliuliza daktari. "Ariokot, wana nini?"

"Nipe nafasi," alisema Ariokot.

Akasogea mbele. Hakuwa na hasira, hakuwa hata na hofu kubwa. Hofu nayo inahitaji nguvu. Aliita tu, kama alivyosikia wahubiri wakiita maelfu ya mara:

"Haleluya!"

"Amina!" Arobaini wote. Mdomo wa mtu wa kanisa haungoji ruhusa.

"Odeke, nimesema nini hapo?"

"Umesema Haleluya."

"Kwa Kiteso maana yake nini?"

Odeke alikunja uso. "Haleluya ni Haleluya."

"Mhubiri Paddy anapovuka kutoka Kenya na kusema Haleluya, mimi kando yake huwa nawatafsiria?"

"Hapana."

"Kwa nini? Nimeruka mahali? Nimewaficha?"

Kicheko kidogo kilipita nyuma. Odeke hakucheka, lakini alikaa nusu.

"Paddy husema Haleluya mara ngapi kabla hajafungua Biblia?"

"Mara kumi na moja!" alipaza mwanamke mmoja, na sasa walicheka wote, maana Paddy walimjua.

"Na mnakumbuka yule msomi aliyekuja Pasaka iliyopita, aliyeanza na mstari moja kwa moja bila kusalimia? Neno lilikuwa lilelile, Biblia ileile. Mlifanya nini?"

"Tulilala," alisema Tata kutoka mkekani.

"Mlilala. Basi hiyo ndiyo sehemu isiyotafsiriwa. Haleluya si mahubiri. Hakuna anayekwenda nyumbani akasema leo tumefundishwa Haleluya. Lakini ndiyo inayowaamsha, ndiyo inayoamua mtasikia mara ngapi na kwa masikio gani. Muhogo nao una Haleluya yake mbele ya ujumbe. Ule wa utepe mweupe Haleluya yake ni ya uvivu. Wapishi wanasinzia, uchungu unapikwa kidogo. Ule mwekundu Haleluya yake, jua likiwaka, inapigwa kama ya Paddy. Ujumbe ni uleule. Wanaousoma wanazidi tu kuusoma."

Wakapiga makofi. Odeke mwenyewe alisimama akampa mkono, akasema samahani dada, shetani ni mtu wa haraka. Daktari Maximilla alitafsiriwa yote hayo, akashika mashavu kwa furaha, akasema miaka minane chuoni hakuwahi kusikia ikielezwa hivyo.

Ingekuwa hadithi nyingine ingeishia hapo. Ariokot alitamani iishie hapo. Lakini Tata alikuwa ameinua kidole.

"Na ya mwisho?" aliuliza bibi kizee. "Alisema ziko mbili. Moja mwanzo, moja mwisho. Ya mwisho kazi yake nini?"

Ariokot alilipeleka swali. Daktari alijibu huku akijiandaa kwenda garini kuchukua vipimo vyake. "Ile ya mwisho ni mkia. Mkia ndio unaolinda ujumbe usichanwe mapema. Ukikatwa, ujumbe unafika, unasomwa mara moja, mara mbili, halafu unapotea kama haukuwahi kutumwa." Akaondoka.

Ariokot alitafsiri. Aliitafsiri kwa sauti iliyoshuka mpaka watu wa nyuma wakaomba arudie, akarudia. Mkia ukikatwa, ujumbe unapotea. Alisikia mvua ya mwaka jana juu ya mabati makavu.

Hapo Acom alitokea jikoni na binti mwingine, wamebeba sufuria kubwa kwa vitambaa, mvuke ukipanda. Nyuma yao ulikuja mchuzi wa karanga.

"Wageni hawawezi kuongea juu ya muhogo mpaka saa saba bila kuuonja," alitangaza Acom. "Nimewachemshia ule wa utepe mwekundu. Ndio ulionenepa. Tangu mwezi wa pili hatujaugusa, tangu siku ile Nyafwono alipomchemshia Tata, ila tumesema mikono iliyoupika ndiyo mibaya, muhogo hauna kosa."

Alisema hivyo kwa urahisi tu, akitafuta mahali pa kutua sufuria.

Ariokot alisimama palepale. Kumbe ndicho chakula. Kumbe ndiyo miguu ya Tata. Kumbe ndiyo kufuli mlangoni.

Binti alianza kugawa sahani. Tata angepewa kwanza, ndiyo adabu. Na Ariokot, ambaye miaka ishirini na mitatu maneno yalimjia mdomoni bila kuyaita, aliona njia mbili waziwazi. Njia ya kwanza ilikuwa rahisi hata mtu aliyechoka angeweza kuipita: aseme, ngojeni, daktari amenong'ona sasa hivi kwamba huo mwekundu usiliwe. Sufuria ingemwagwa, hakuna ambaye angeumia, na yeye angebaki mama wa Haleluya aliyepigiwa makofi. Nani angejua? Daktari yuko garini, tena hasikii Kiteso. Njia ile ilikuwa na kasoro moja tu: neno likiwa ni jipya la leo, lisingefika mwezi wa pili. Lisingefungua kufuli. Nyafwono angebaki mchawi huko Sop Sop mpaka kufa.

Alitamani sana kuketi. Mungu anajua alivyotamani kuketi.

"Msile," alisema.

Hawakumsikia vizuri. Akasema kwa nguvu, "Msile! Acom, weka chini. Mwondolee Tata sahani."

Watu walitulia. Walimtazama, kisha kwa mazoea wakatazama kando yake kumtafuta mwenye maneno. Hakukuwa na mtu.

"Hayo ni maneno yangu," alisema. "Odeke, ulisema niliruka mahali, nikakuchekesha. Niliruka. Siku ya kupanda, mvua iliposhuka, daktari aliniambia niwaambie utepe mwekundu hauliwi wa kuchemsha. Jua likiwa kali una sumu. Ulowekwe siku tatu, uanikwe, usagwe. Aliniambia mimi. Nyinyi mlikuwa mnakimbia, mimi nilikuwa nimechoka. Aliniuliza kama nimewaambia, nikasema nimewaambia. Sikuwaambia. Mwaka mzima nimekaa nalo."

Sufuria ilitoa mvuke wake.

"Nilisema ni mchungu," alisema Tata. Alisema bila kelele, akitazama mikono yake. "Siku ile nilisema huu muhogo mchungu. Mkasema mdomo wa mzee hauna ladha. Nikala kwa sababu msichana alikuwa amenihurumia, alikuwa ameupondaponda kwa ajili ya fizi zangu."

Acom aliketi chini palepale penye vumbi, na nguo yake ya sikukuu. "Mimi ndiye niliyemfungia godoro kwenye bodaboda," alisema. "Aliligeukia mara mbili lisianguke, nikamwambia asiliguse, akae tu, aende."

Daktari Maximilla alirudi na boksi la vipimo mkononi. Aliona sahani zimewekwa chini, akaona nyuso. "Kuna nini? Wanasema nini?"

Basi Ariokot akafanya kazi yake. Alijitafsiria mwenyewe, kutoka Kiteso kwenda Kiswahili, neno kwa neno, hakupunguza. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi juu ya boksi. Alisema kwa sauti ndogo kwamba naye alipaswa kurudi kuuliza, kwamba neno la sumu halisemwi sikioni wakati wa mvua. Ariokot aliwatafsiria hilo pia, ingawa halikumpunguzia kitu.

Odeke ndiye aliyevunja mkutano. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kufukuza tulifukuza sisi," alisema. "Hilo ni letu, tutalibeba. Lakini neno lililopotea ni lako. Kesho tunakwenda Sop Sop. Wewe utatangulia."

Walikwenda asubuhi, bodaboda tatu zikifuatana, wakaupita mji wa Tororo na mwamba wake, wakaiacha lami na kufuata njia ya vumbi. Acom alikuwa ameupakata ufunguo wa kufuli ndani ya kitambaa. Ariokot alikuwa hajalala, na magoti yalimuuma kila walipopita shimo.

Nyafwono walimkuta nyumbani kwa mama yake, ameinama juu ya jiwe pana, anaanika vipande vya muhogo uliolowekwa. Vilikuwa vyeupe, vimepangwa vizuri, vikinuka ule uchachu unaojulikana na kila mtu. Aliwaona. Hakusimama mara moja. Alimaliza safu aliyokuwa akiipanga, akajipangusa mikono, ndipo akainuka.

Mama yake alitoa viti. Ariokot hakuketi.

Alianza na salamu. Alisalimia kwa Kiteso, taratibu, bila kukata: habari za hapa, za watoto, za mvua, za wagonjwa, na kila moja ilijibiwa kwa neno moja. Halafu akasema yote. Alisema la mvua, la sikio, la uongo wa neno moja, la mwaka mzima. Alisema, mikono yako haikuwa na kosa. Odeke alipiga goti, mzee wa kanisa, goti moja kwenye vumbi, akasema ni kweli. Acom aliufungua tu ule ufunguo kutoka kwenye kitambaa, akauweka juu ya jiwe, pembeni ya muhogo.

Nyafwono aliutazama ufunguo. Kiteso alikuwa amekijua cha kutosha kuishi nacho mwaka na zaidi kwenye boma lile. Alikuwa ameelewa kila neno. Alipofungua kinywa, alisema kwa Dhopadhola.

Alisema kwa muda mrefu. Hakulia. Sauti ilipanda, ikashuka, ikatulia mahali fulani, ikapanda tena. Mara alielekeza mkono upande wa Kwapa, mara alijigusa kifua. Jina la Edimu lilipita mara mbili, la Tata mara moja. Zaidi ya hayo Ariokot hakuelewa kitu. Alijaribu kukisia kwa uso, kama wanavyofanya watu wote waliowahi kumsikiliza yeye, akaona uso hautoshi.

Akamgeukia mama mtu. Yule mama alijua Kiswahili cha sokoni, akasogea mbele ili amsaidie. "Huyu nasema hivi," alianza.

Nyafwono aliinua mkono, akamzuia mama yake. Kisha akaendelea.

Hapo Ariokot alielewa jambo moja tu, na hakuhitaji kuambiwa: maneno haya yalitaka kusikilizwa, si kutafsiriwa. Akaacha kutafuta mtu wa kumtafsiria. Jua lilikuwa limepanda, muhogo ulikuwa unakauka juu ya jiwe, na kiti kilikuwa hatua mbili nyuma yake. Miguu ilimuuma sana. Alisimama mpaka Nyafwono alipomaliza.